Mwenyekiti wa Wenye Pikipiki

Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri. Hapo ndipo yalipoanza, ndani ya mgahawa wa tambi wa Waislamu wa hapa Xiaobei, Guangzhou, na naandika saa kabisa kwa sababu nikishaudhika huwa nasahau jambo lilianzia wapi.

Otieno, Mkenya anayesoma uhandisi chuo kimoja na Baba, aliingia na katalogi mpya ya kiwanda cha pikipiki. Akaitupa katikati ya mabakuli. Jalada lilikuwa na picha ya pikipiki imesimama juu ya theluji, na msichana wa Kichina amevaa glavu anaichekea.

"Wazee, model za mwaka huu ndizo hizi," akasema. "Fungueni macho."

"Theluji ya nini tena?" akauliza Bi Zuhura. "Mie theluji naijua ile ya kwenye friji tu."

Wakaanza kufunua. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilikuwa kwenye kiti cha pembeni nikingoja tambi za Baba, lakini nilikuwa naona vizuri. Mwaka jana tangi lilikuwa na mstari mmoja mwekundu. Mwaka huu lina miwili. Taa ya nyuma zamani duara, sasa imebanwa kidogo pembeni kama biskuti iliyokaliwa. Basi.

"Buda, hii ni stika," akasema Otieno. "Wamebandika stika, wakapiga picha, wakaenda kulala."

"Mwakani watatia mstari wa tatu," akasema mwingine.

"Ikifika saba wataandika pundamilia," akadakia wa tatu.

Watu wakacheka sana. Bi Zuhura hakucheka. Mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya kiti kingine, umefungwa plasta nyeupe kuanzia kifundoni hadi chini ya goti. "Stata iko wapi?" akauliza. "Nitafutieni ukurasa wa stata."

Otieno akafunua mpaka mwisho, akarudi mwanzo. "Hakuna, Bi Zuhura. Kiki ile ile ya mguu."

Ndipo Mwenyekiti akapiga meza, vijiti vikaruka. "Watu hawa wanatudharau!" akasema. "Kila mwaka tunakwenda, tunakula chakula chao, tunawaambia shida zetu, na kila mwaka wanatupaka rangi! Sisi ni watoto?"

"Siyo watoto!" wakaitikia.

Mimi nikaangalia sakafu. Katika mgahawa mzima, ukimtoa yeye, ni mimi peke yangu niliyejua kwamba kiwanda hakikubadilisha kitu kwa sababu Mwenyekiti ndiye aliyewaomba wasibadilishe. Na aliwaomba kwa mdomo wangu.

Mtu akisoma hapo tu atamchukia, na mimi simchukii. Kwa hiyo acha nimweleze alivyo.

Umoja wa wenye pikipiki hauna katiba wala muhuri. Wanachama ni wafanyabiashara wa Dar na Unguja, wanafunzi kadhaa, na Mkongo mmoja ambaye pikipiki yake iliibwa zamani lakini bado anakuja. Umoja una kazi mbili. Ya kwanza, pikipiki ya mtu ikikamatwa na polisi, wote wanakwenda kituoni na kukaa kwenye benchi mpaka polisi wachoke kuwaona. Ya pili, mara moja kwa mwaka Mwenyekiti anakwenda kiwandani kwa chakula cha wateja, kwa kuwa yeye ndiye anayewapelekea watu wa nyumbani pikipiki za kiwanda hicho, na anawapelekea wengi. Kiwanda kwa ajili yake kinawauzia wanachama kwa bei nafuu, na kinapokea pikipiki kuukuu na kutoa mpya mtu akiongeza fedha kidogo. Ndiyo maana wote wanapanda aina moja. Ukiziona zimeegeshwa nje ya mgahawa utadhani ni mali ya shule.

Mwenyekiti ni mrefu, mwembamba, anatoka Kilosa. Anavaa mashati ya mikono mirefu hata mwezi wa saba, Guangzhou inapokuwa kama ndani ya sufuria. Asubuhi kabla ya kuwasha pikipiki yake anaweka kiganja juu ya injini, kama mtu anayempima mtoto homa. Injini imelala usiku kucha, lazima itakuwa baridi, lakini anaipima. Kisha anapiga kiki, moja tu, inawaka. Sijawahi kumwona akipiga mara mbili. Haioshi kwa maji. Anaifuta kwa fulana kuukuu, na fulana hiyo anaifua na kuianika kwenye kamba pamoja na nguo zake nyingine.

Amekaa mji huu kuliko wote, na Kichina chake ni maneno matatu: *laoban*, yaani bosi, *tai gui*, ghali mno, na *meiyou*, hakuna. Kwa maneno hayo matatu ananunua makontena. Akiingia duka la spea hasemi bei. Anavuta kigoda, anakaa, anaangalia watu wakipita barabarani kama yuko barazani kwao. Mwenye duka anaingiwa na wasiwasi, anamletea chai. Anakunywa. Mwishowe Mchina mwenyewe ndiye anaanza kushusha bei bila kuulizwa. Chai ya Kichina anaipenda ila anaitia sukari na tangawizi, wanamcheka, naye anawacheka wao kwa kunywa maji ya majani.

Huwezi kusema anaogopa vitu vipya. Peja, kile kidude cha kupokelea ujumbe, yeye ndiye wa kwanza kununua, aliivaa mkandani na hakuna aliyekuwa na namba yake isipokuwa Bi Zuhura. Ikilia alikuwa anainuka mgahawani anasema, "Samahani, natafutwa," anatoka nje kuisoma, na Bi Zuhura amekaa meza ya pili anacheka hadi machozi.

Mimi nilimfahamu kwa sababu ya mvua. Nilipoanza sekondari hapa nilikaa muhula mzima bila kusema neno darasani. Si kwamba sikujua. Nilijua, nilikuwa najibu kimoyomoyo. Wasichana waliokaa nyuma yangu walikuwa wanagusa nywele zangu na kunusa vidole. Siku za mvua Baba alikuwa maabara, na Mwenyekiti alinipakia akanipeleka hadi getini, mimi nimejificha chini ya koti lake la plastiki. Watu wazima wote waliniuliza, "Mbona kimya hivyo, mama?" Yeye hakuniuliza hata siku moja. Alikuwa anaongea mwenyewe, habari za cheni na plagi, nami sikulazimika kujibu. Kwa hiyo aliponiomba niwe mkalimani wake kiwandani, nilikubali kabla ya kufikiri.

Kasoro yake kubwa ni kwamba hawezi kuvumilia mtu akimkasirikia. Nitatoa mfano. Wafanyabiashara wawili waligombania nafasi ndani ya kontena. Wa kwanza akamfuata, Mwenyekiti akamwambia, "Uko sawa kabisa, haki yako." Wa pili akamfuata. "Uko sawa kabisa, haki yako." Siku ya kupakia wakakutana boharini, kila mmoja na marobota yake, kila mmoja anasema Mwenyekiti kashaamua. Wakamtuma mtu kumwita. Mwenyekiti akatuma jibu kwamba ana homa. Nilimwona jioni ile ile anakula nusu kuku. Baba anasema mtu wa namna hiyo ni mwema kwa kila mtu mmoja mmoja, ila watu wakiwa wawili tu ana matatizo.

Sasa habari ya kiwanda. Chakula kile kinaliwa ukumbini juu ya karakana, na chini unasikia nyundo. Bosi wao ni mtu mchangamfu, anapenda kusimama na kikombe. Mara ya kwanza nilipokwenda aliuliza, "Wateja wetu wa Afrika wanataka tubadilishe nini?"

Mwenyekiti akafuta mdomo. "Mwambie wasibadilishe kitu."

Nikadhani sijasikia vizuri. Jana yake tu mgahawani watu walikuwa wamemtuma: stata, breki ya mbele iwe ya sahani, yaani diski, kiti kirefu. "Kitu chochote?" nikauliza.

"Hata boliti."

Nikatafsiri. Bosi alifurahi sana. Akasema katika maisha yake hajapata mteja rahisi kama huyu, akainua kikombe, wote wakainua.

Kwenye basi la kurudi nilimuuliza. Ukiacha lile la mezani, nadhani lilikuwa swali langu la kwanza kwake. "Mwenyekiti, mbona umewaambia vile?"

Tukavuka daraja. Halafu akanieleza kwamba mwaka mmoja kiwanda kilibadilisha kabureta. Jambo dogo, tundu la boliti lilisogea upana wa kidole. Yeye hakujua, akapeleka nyumbani kontena zima, akawaambia watu nunueni, ni zile zile. Zilipoanza kuharibika, spea zilizokuwa Kilosa hazikuingia. Mafundi wakachonga, wakafunga waya, wakashindwa. Kisha alikwenda kwao kwenye msiba wa mjomba wake. Pale makaburini mtu mmoja akamfuata, akamshika mkono kama anayempa pole, na alipouachia mkono, Mwenyekiti akakuta ufunguo kiganjani.

"Akaniambia, pikipiki yako iko uani kwangu, kuku wanataga juu ya kiti. Njoo uichukue." Akageukia dirisha. "Muuguzi wa zahanati naye alikuwa na moja. Alikuwa anatembea kwa miguu, mwanangu. Vijiji vile vyote, kwa miguu. Na aliponiona akaniamkia vizuri tu. Heri yule wa ufunguo."

"Sasa kwa nini usiwaambie wenzako hapa?"

"Nitawaambia."

Tulipofika mgahawani watu walikuwa wanangoja. "Vipi, Mwenyekiti, stata?"

Akatazama nyuso zile. Akanyoosha mikono juu. "Nimewaambia. Wanasema *meiyou*."

"*Meiyou!*" mgahawa mzima ukaitikia, wakacheka, wakamwagizia chai. Nami nikaenda nyumbani. Mwaka uliofuata ikawa vivyo hivyo, na mwaka huu tena.

Nilikuwa najiambia hakuna anayeumia. Otieno anataka breki ya sahani kwa sababu ameiona kwenye gazeti. Lakini Bi Zuhura ni habari nyingine. Yeye ananunua magauni na vitenge barabara ya Zhanqian, anavipeleka Unguja, na marobota anayabeba mwenyewe kwa pikipiki. Anavaa suruali ndani na baibui juu. Injini ikizimika kwenye taa nyekundu, lazima ashuke, ainue baibui, asimame kwa mguu mmoja apige kiki, na magari yote nyuma yanapiga honi, wanaume wanatoa vichwa madirishani kumtazama. Pikipiki za makampuni mengine zenye stata ni nzito, na bei hazigusiki. Kila mwaka alikuwa anasema neno moja tu: stata. Kitufe. Mtu anabonyeza, anakwenda zake.

Wiki mbili zilizopita alikuwa anapakia mzigo wa Idi. Alipiga kiki, injini ikagoma na kiki ikarudi juu kwa nguvu, ikampiga ugokoni. Mfupa ukapata ufa. Mama na mimi tulimpelekea uji hospitalini. Mwenyekiti alikuwepo kabla yetu, ameleta machungwa, anayamenya. Alimenya yote. Hakuna aliyekuwa anayala, lakini aliendelea kumenya mpaka mfuko ukaisha.

Basi narudi kwenye Jumamosi. Mwenyekiti alipomaliza kupiga meza, Bi Zuhura alisema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"N'shachoka kutumiana salamu na watu hawa. Jumatatu nakwenda kiwandani mwenyewe. Nitamwekea bosi wao mguu huu juu ya meza. Wakisema hakuna, nauza pikipiki, nafunga biashara nakwenda zangu kwetu. Mzigo wote huu kwa teksi, nitakula nini mie?"

"Bi Zuhura, usiwe na haraka," akasema Mwenyekiti.

"Haraka? Mwaka wa ngapi huu?"

"Uko sawa kabisa, lakini..."

"Lakini yako kaiweke mfukoni." Akanigeukia mimi, maana Baba ndiye wanayemwita Daktari. "Binti wa Daktari, utanifuata ukanitafsirie. Mama yako nitamwambia mie."

Watu wote wakanitazama, na Mwenyekiti pia. Nilisema ndiyo, nadhani. Nikabeba tambi nikasahau kulipa, wakaja kunidai nyumbani.

Usiku huo Baba aliniuliza mbona sili. Nikasema nina mtihani. Nilikuwa nafikiri kitakachotokea: Bi Zuhura atauliza kwa nini hakuna stata, na yule bosi, ambaye hana sababu ya kuficha, atasema, "Lakini mwenyekiti wenu ndiye anayetuomba." Na mimi ndiye nitakayetakiwa kuyatia maneno hayo katika Kiswahili, mbele ya plasta ile.

Jumapili, magharibi haijaingia, Mama alinituma mkaa wa jiko la nje. Kwenye ngazi, kati ya ghorofa yetu na ya chini, ambapo jirani anaanika maganda ya machenza kwenye ungo, nikamkuta Mwenyekiti amekaa. Hajavaa viatu vya kupandia pikipiki, amevaa ndara.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nikakaa ngazi ya juu yake. Alikuwa anageuza ganda moja moja kwenye ungo wa watu.

"Nimetoka kwa Bi Zuhura," akasema. "Yaani, nimetoka mlangoni kwake. Sikugonga."

Nikachukua ganda moja mimi pia, nikaligeuza.

"Nilikuwa na maneno yote. Nimeyapanga tangu asubuhi. Nikasikia anacheka ndani na wageni, nikashuka." Akageuza ganda jingine. "Angekuwa analia ningegonga."

Nilidhani sasa ataniomba nimfichie kesho. Nilikuwa nimeshaandaa jibu na jibu lilikuwa ndiyo. Naandika ukweli, lilikuwa ndiyo. Badala yake akasema:

"Kesho siji. Nikija, yule bosi akiniuliza, mdomo wangu utasema msibadilishe. Najijua. Nitamwona Bi Zuhura na mguu wake, nitamwona bosi na kikombe chake, na yule wa ufunguo nitamwona, na sijui nitamwambia nani kwamba yuko sawa."

"Na wakisema ni wewe uliyewaomba?"

"Watasema."

"Nimwambie?"

"Ulichosikia kitafsiri. Usinipunguzie." Akainuka, akajipangusa vumbi. "Ila mimi sikuichukia stata yake, mwanangu. Niliogopa wakianza kufungua fundo moja watafungua yote."

"Si wangeweka stata tu na kiki wakaiacha?" nikasema. "Na mengine yote wakayaacha?"

Alinitazama kama niliyemtajia jina la mtu anayemjua tangu zamani. "Hilo sikuwauliza," akasema. "Niliogopa kuuliza hata dogo." Akashuka. Ndara zake zilisikika mpaka chini, halafu nikasikia amesimama, nikadhani atarudi. Hakurudi. Nilichukua mkaa, nikarudi jikoni, nikala.

Leo asubuhi nilimsaidia Bi Zuhura kupanda teksi, mguu ukakaa kiti cha nyuma peke yake na sisi tukajibana. Kiwandani tulipewa chai kwenye ofisi ndogo. Bi Zuhura kweli aliinua mguu akauweka juu ya meza ya kioo, na bosi akauangalia kwa heshima, akaagiza mto uwekwe chini ya kisigino. Akauliza Mwenyekiti yuko wapi. Kisha akasema yale yale niliyoyangoja: kwamba anashangaa, kwa sababu kila mwaka mwenyekiti wetu amewaomba wasibadilishe kitu, hata boliti, na wao wamemtii.

Nikamtafsiria Bi Zuhura. Sikupunguza.

Aliutazama mguu wake juu ya mto. Chini nyundo zilikuwa zinagonga. "Yeye?" akauliza. "Yule aliyenimenyea machungwa?"

"Ndiye."

"Kwa nini?"

Nikamweleza habari ya kabureta, ya kuku juu ya kiti, ya muuguzi. Bosi alikuwa anatutazama mmoja baada ya mwingine, chai yake inapoa. Bi Zuhura alivuta ushungi akaurekebisha ingawa ulikuwa sawa.

"Mie nimeinua baibui mbele ya wanaume wa mji huu miaka yote hii," akasema, "ili Kilosa wapate boliti. Wallahi mtu huyu nikimkamata." Hakumaliza. Halafu akasema, "Mwambie bosi tunataka stata. Basi, hilo tu."

Nikamgeukia yule bosi. Nikamwambia kwa Kichina kwamba tunataka stata. Sikuishia hapo. Nikasema kiki ibaki pale pale ilipo. Nikasema kabureta isiguswe, wala tundu lolote la boliti, kwa sababu kuna watu mbali wenye pikipiki hizi ambao hawana njia ya kuja kukaa ofisini kwake. Nikarudia mara ya pili ili msaidizi wake aelewe. Bosi hakuinua kikombe. Aliuliza kama betri itakaa chini ya kiti au pembeni, nikasema sijui, akamwita fundi.

"Mbona mie nimesema neno moja," akasema Bi Zuhura, "na weye umesema kama redio?"

"Nimeongeza yangu," nikasema, nikamwambia niliyoongeza, yote, moja baada ya jingine.

Akanitazama. Akashusha mguu mezani polepole, kwa mikono miwili.

"Muulize huyo fundi," akasema, "betri inakaa wapi."